Elimu ya Juu ya Kukosa Friji

Hotuba ya ufunguzi wa kongamano, Lodwar, kama alivyoitoa mtaalamu mwenyewe

Bwana mwenyekiti, waheshimiwa mliofika kwa ndege ya asubuhi, ndugu zangu mliofika kwa boda boda, na nyinyi mama zetu mliokuja kwa miguu na bado mkatuwahi sote: itifaki imezingatiwa. Ejok!

Najua mnajiuliza nasimama hapa kwa hati gani. Swali ni la haki, nami nalijibu bila unyenyekevu, maana unyenyekevu ni mzigo wa wasio na vyeo. Mimi sina friji. Sina jiko la stima, sina pasi ya umeme, sina mashine ya kufulia, sina blenda. Hata kile kidude cha kukaushia nywele sina, ingawa hapo upara umenisaidia. Wenzangu walikwenda vyuoni kusomea vyombo hivi. Mimi nimebobea katika kutokuwepo kwake. Friji ya mhandisi huharibika akahangaika usiku kucha. Yangu haijawahi kuharibika hata siku moja. Kwa hiyo, baada ya mashauriano marefu na nafsi yangu, nilijitunuku cheo cha Mtaalamu Mwandamizi wa Kukosa Vyombo vya Nyumbani. Kadi zangu ziko mlangoni, mnalipia uchapishaji tu.

Tuanze na historia, kwa sababu mhadhara usio na historia ni porojo. Wageni wetu hudhani Turkana ni mahali ambapo vyombo vya nyumbani bado havijafika. Jamani, vilianzia hapa! Mwaka 2011, pale Lomekwi, magharibi mwa ziwa letu, watafiti walifukua mawe yaliyochongwa kwa makusudi, na mwaka 2015 wakautangazia ulimwengu kwamba yana umri wa miaka milioni 3.3. Hakuna vifaa vya mawe vya kale kuliko hivyo vinavyojulikana. Kuponda na kukata: kazi hizo leo mnauziwa mashine mbili, kila moja na waya wake na dhamana ya mwaka mmoja. Jiwe la Lomekwi limekaa miaka milioni 3.3 na hakuna mteja aliyelirudisha dukani.

Sasa turuke miaka hiyo yote, haikuwa na mambo mengi, tutue 1953. Serikali ya kikoloni ilipowafunga Jomo Kenyatta na wenzake ilitafuta mahali pa kuwakomesha, ikachagua Lokitaung, huko kaskazini yetu. Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei na Kung'u Karumba wakapelekwa kwenye kazi ngumu. Kenyatta, kwa ajili ya umri wake, akapewa kazi ya kuwapikia. Kwa kuni! Bila gesi, bila mahali pa kuweka nyama ya kesho. Mwaka 1959 akaletwa hapa Lodwar, akakaa chini ya ulinzi hadi 1961, na miaka miwili baadaye alikuwa waziri mkuu. Mantiki iko wazi kama mchana: kukosa friji huzaa viongozi. Naona mzee mmoja mstari wa mbele anasema yeye naye amekula chakula cha kuni Lokitaung maisha yake yote na hajawahi kuitwa hata awe chifu msaidizi. Mzee wangu, sayansi haishughuliki na kesi ya mtu mmoja mmoja.

Kijana, maji haya ni ya moto. Nitafutie mengine.

Naingia kwenye kiini. Friji ni kitu gani? Ni sanduku la kufukuza joto. Na mtungi? Ni sanduku lilelile, lisiloletewa bili. Udongo uliochomwa una vitundu visivyoonekana. Maji hupenya polepole mpaka ngozi ya nje, upepo huyakausha, na kila tone linalogeuka mvuke huondoka na joto lake. Lita moja ikikauka hivyo huchukua joto ambalo, kwa hesabu za karatasini, lingeshusha ndoo mbili kubwa za maji kwa nyuzi 15. Ndugu zetu wa Mombasa wasijaribu kushindana nasi hapa. Hewa yao imeshiba unyevu, haina nafasi ya kubeba mwingine. Mtungi wao huishia kutoka jasho kama wenyewe. Hewa ya Lodwar ni kavu na ina kiu. Ndiyo maana dereva wa lori huvisha jerikeni gunia lililolowa, akaining'iniza nje upepo uipige, na akifika Kakuma ana maji ya kunyweka. Hapo sifanyi mzaha, ni fizikia halali, iandikeni.

Mama aliyenyoosha mkono anasema mtungi unataka maji ya kumwaga nje na ya kunywa ndani, na kwamba maji hayo anayachimba kwenye mchanga wa laga, yaani mto mkavu, katika kisima kinachomfika kifuani, halafu anayabeba kichwani. Mama, maswali ni mwishoni. Karani, hilo usiliandike.

Nawapeleka sasa Kalokol, kwenye hekalu la fani yangu. Katika miaka ya 1970 Wanorwei, watu waliozaliwa ndani ya friji, walilitazama Ziwa Turkana wakaona samaki wengi na wafugaji waliofilisiwa na ukame. Wakawaza jambo jema: mfugaji asiye na ng'ombe awe mvuvi. Wakasaidia vyombo vya kuvulia na ushirika, wakatengeneza barabara kutoka Kitale hadi Lodwar, ambayo nasema kweli tuliipenda. Kisha wakajenga kiwanda cha kugandisha samaki karibu na Ghuba ya Ferguson, ili sangara na ngege wa Turkana wafike mezani mwa watu wa mbali wakiwa wagumu kama matofali. Gharama inayotajwa ni takriban dola milioni 22.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mitambo ikawashwa. Ikanguruma siku chache, ikazimwa. Ikaonekana kwamba kumgandisha samaki mahali ambapo nje ni nyuzi 35 kunakula umeme kuliko samaki mwenyewe anavyoleta, na kwamba kiwanda kinataka maji safi mengi mno jangwani. Muda si mrefu ukame ukashusha ziwa, ghuba ikakauka, samaki wakaondoka bila kuaga. Mwaka 1990 serikali yetu ikavunja uhusiano na Norway, ingawa hayo yalikuwa mambo ya siasa, samaki hawakuhusika. Na jengo? Jengo likapata kazi. Likawa ghala la samaki wakavu! Wale mama wa Kalokol waliokuwa wakipasua samaki na kuwaanika juani tangu mwanzo, ambao hakuna aliyewauliza, wakaweka mizigo yao mle ndani, kwenye kivuli kizuri cha dola milioni 22, wakingoja lori. Samaki wao mkavu husafiri mpaka Congo, bila barafu, na huliwa.

Tafakarini ukubwa wa tukio hili. Hali ya kukosa friji ambayo mimi nimeifikia bila kutoa senti, wao waliifikia kwa dola milioni 22. Ndiyo maana nikisikia mtu akiniita maskini, namhurumia. Mimi ni mradi uliofikia matokeo yaleyale kwa gharama nafuu.

Maziwa nayapitia haraka. Wazee wetu huyachemsha, huyamimina juu ya ngozi, jua huyakausha yakawa unga. Tunauita edodo, na unakaa miezi hadi kiangazi kikali kije. Viwanda vya Ulaya hufanya hivyo kwa minara ya chuma, vikaweka kwenye kopo lenye picha ya ng'ombe mnene. Edodo haina picha. Siku hizi haina maziwa pia, mifugo ikifa, lakini hilo ni suala la idara nyingine.

Kuhusu kufua na kupiga pasi sina mengi. Jua la Lodwar hukausha shati kabla hujaona pa kulianika, na pasi ya makaa kila mmoja wenu anaijua, hasa waliochomwa nayo.

Sasa wachochezi. Wapo vijana humu wanaosema tunakosa friji kwa sababu tunakosa stima, na tunakosa stima kwa sababu inapelekwa kwingine. Wananitajia bwawa la Turkwel, lililojengwa kati ya 1986 na 1991 mpakani na Pokot Magharibi, kwenye mto huuhuu unaopita hapa mjini. Megawati 106. Nyaya zikatoka bwawani zikaelekea Lessos, kusini, na Lodwar ikabaki miaka mingi na jenereta za dizeli inayoletwa kwa lori. Wananitajia Loiyangalani, ng'ambo ya ziwa: mitambo 365 ya upepo, megawati 310, na waya wa zaidi ya kilomita 400 mpaka Suswa. Wananitajia mafuta ya kisima cha Ngamia 1, yaliyotangazwa mwaka 2012. Maji yetu, upepo wetu, mafuta yetu, wanasema, na jioni mama anapuliza kuni.

Vijana, tulieni. Mnachokiita dhuluma mimi nakiita hifadhi. Fikirieni kama nyaya zile zingeangusha umeme njiani, kila manyatta ikapata taa na friji, mimi ningehutubia nini? Wageni wetu wangekuja kujifunza ustahimilivu kwa nani? Nairobi imejaa watu wenye friji, na hakuna anayepanda ndege kwenda kuwatazama. Ulaya kuna watu wanaolipa fedha nyingi wakalale wiki moja porini bila mashine yoyote, wakirudi wanasema wamejipata. Sisi hatujawahi kujipoteza. Tena tunafanya bure!

Kijana, haya nayo ni ya moto. Ya hotelini, yale yenye ukungu kwenye chupa.

Siwezi kumaliza bila kulia kidogo juu ya Kakuma. Kambi ya wakimbizi ilipofunguliwa mwaka 1992, kwa ajili ya wale wavulana wa Sudan waliotembea nchi tatu, nilifurahi kitaaluma. Maelfu ya watu wasio na chochote kabisa! Sampuli safi namna hiyo haipatikani maabara yoyote. Wakapewa mgao, kuni na turubai, nami nikanoa kalamu.

Wakanisaliti. Wasomali wakaleta jenereta. Waethiopia wakafungua mikahawa. Wakongo wakaweka muziki. Mwenye jenereta akavuta waya kutoka nguzo hadi nguzo, akamuuzia jirani taa moja, akamuuzia kinyozi plagi, kila mwezi wanalipa. Friza zikaingia, zikafuatwa na soda baridi na juisi ya barafu ya watoto. Mwaka 2015 ikaja Bamba Chakula, sehemu ya mgao ikapitia kwenye simu, na simu, kama mjuavyo, haichajiki kwa kuni. Mwaka 2018 IFC, tawi la Benki ya Dunia, likatoa ripoti ikihesabu biashara zaidi ya 2,000 kambini na mjini Kakuma. Kwenye makazi jirani ya Kalobeyei nako wakaweka mitambo ya sola yenye nyaya zake. Yaani mtu asiyeruhusiwa kutoka kambini bila kibali ana friza, na mwenyeji aliyempokea anamletea makaa ya mathenge kubadilishana na unga. Utafiti wangu umeharibiwa na watu waliokataa kukaa kama nilivyowakuta.

Nilimwona mama mmoja wa kwetu sokoni Kakuma, ametua gunia lake la makaa, ananunua barafu. Nikamwambia: mama yangu, unavunja mila, wazee wetu walikuwa na mtungi. Akanitazama kwa huruma, akasema, "Mwanangu, na wewe mkononi umeshika nini?" Nilikuwa nimeshika soda. Ya utafiti. Nililazimika kuinywa yote ili matokeo yasipoe, au tuseme yasipate joto.

Mwenyekiti anatazama saa. Swali moja tu. Dada muuguzi, wewe hapo.

Anauliza kuhusu wagonjwa wa kisukari: insulini inataka baridi, na nyumbani hawana friji. Dada, umenipa zawadi! Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walipima joto la nyumba za Dagahaley, kule Dadaab, wakaliiga maabara, na mwaka 2021 wakachapisha kwamba insulini inaweza kutumika wiki nne katika joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Bila friji! Makofi, tafadhali.

Mbona hampigi? Anaendelea. Anasema wiki nne hizo ni za chupa anayoitumia mgonjwa, ndiyo, ni habari njema, na mtungi unasaidia, yeye mwenyewe huwafundisha. Anasema Lodwar siku nyingine huvuka 37. Anauliza chupa ambazo hazijafunguliwa, shehena nzima, na chanjo za watoto, zikae wapi stima ikikatika.

Dada yangu, hilo liko nje ya fani yangu. Mimi ni wa vyombo vya nyumbani. Kuna mwenzangu, mtaalamu wa kutokuwa na zahanati, ndege yake inatua saa sita. Mhifadhie swali lako. Wanaoweka sahihi za posho wapange mstari upande wa jenereta, na tafadhali, ule waya mweupe mtu asiuchomoe. Ni wa simu yangu.