Sifa za Hodhi la Maji ya Chumvi

Wako watungaji waliowasifu masultani, na wako waliosifu farasi, majahazi na minazi. Lakini hodhi la kioo lililojazwa maji ya chumvi na kuwekwa sebuleni katika nyumba ya Rumonge, nchini Burundi, hatua chache kutoka ziwa Tanganyika, lenye urefu wa kilomita 670 hivi na kina cha mita 1,470, halijapata wakili hata mmoja, na dhuluma hiyo imedumu vya kutosha. Wanaolibeza husema kwamba ni israfu tupu. Wasemalo ni kweli, na fahari yake inaanzia hapo hapo.

Mtu wa Rumonge akitaka maji, ziwa humpa. Akitaka samaki, wavuvi waliokesha na taa zao humletea ndagala na mikeke alfajiri. Mwenye hodhi huzikataa neema zote mbili kwa pamoja. Huchukua lita 200 za maji matamu, akayatia kilo 7 za chumvi, ili yasimfae mtu kwa kunywa, wala mbuzi, wala mche wa mchikichi. Tena si chumvi ya ovyo: ile ya Uvinza, iliyokuwa ikivushwa ziwa hili kwa mitumbwi kabla ya kuja Wazungu, haina idhini ya kuingia humo, kwa kuwa bahari haikutiwa chumvi ya mchuzi peke yake, bali pia magnesi, kalisi na madini mengine kwa kadiri maalumu, ambayo sharti yanunuliwe ng'ambo. Na samaki atakayekaa humo, asiyezidi kidole kwa urefu wala kutosha tonge moja, bei yake ingelisha aila nzima ndagala hadi washibe. Mali itumikayo kwa faida hata bahili huielewa. Kutumia mali namna hii kwataka moyo mkunjufu.

Watu wa ilimu nao wana deni kwa hodhi hili. Mwaka 1883 Mjerumani Richard Böhm aliona katika Tanganyika kiumbe laini asiye na mfupa, wa jamii ya wale ambao watu wa pwani huwaita konyeza na huwakuta baharini; na Mwingereza J. E. S. Moore, aliyefika ziwani mara ya kwanza mwaka 1896, akawatazama na konokono wa huku walivyofanana na wa baharini, akashikilia katika kitabu chake cha mwaka 1903 kwamba ziwa hili lilikuwa zamani mkono wa bahari. Wataalamu waliomfuata walimkanusha: ziwa lilizaliwa katika ufa wa bara, na bahari haijapata kulifikia. Jambo lililoshindikana kwa mamilioni ya miaka, basi, mwenye hodhi amelitimiza kwa beseni na mwiko, na Moore angekuwa hai angemshukuru.

Wala asidhani mtu kwamba wazimu huu ni wetu peke yetu. Tangu mwanzo wa miaka ya 1970 Mbelgiji Pierre Brichard, ambaye jina lake amepewa samaki mmoja mdogo wa miambani, alikuwa akiwapeleka samaki wa mapambo wa ziwa hili kutoka Burundi hadi nchi za mbali. Samaki hao hupandishwa kutoka kilindini kwa vituo, wasije wakapasuka kwa hewa iliyomo matumboni mwao. Na wafikapo Ulaya, wenyeji hukoroga chumvi na magadi katika maji ya bomba ili yafanane na maji ambayo sisi twaogea. Mzungu atengenezaye Tanganyika chumbani mwake na Mrundi atengenezaye bahari sebuleni mwake wamebadilishana taabu kwa haki, na hakuna anayemdai mwenzake.

Lakini sifa kubwa ya hodhi hili ni adabu. Mtu huingia katika kazi hii akiwa bwana wa nyumba, na haupiti muda ila amekuwa mtumwa wa samaki wawili. Kwanza hufunzwa subira, maana kwa majuma kadhaa hodhi halina samaki, na mwenyewe huketi akiwangojea vijidudu asiowaona, ambao kazi yao ni kuigeuza sumu ya kinyesi kuwa kitu chepesi zaidi. Asiyewangoja huzika samaki wake. Kisha hufunzwa hofu, maana umeme ukikatika usiku pampu husimama, na mheshimiwa aliyelala bila kujali giza la mtaa mzima huruka kitandani kwa ajili ya pumzi ya samaki. Mwisho hufunzwa hesabu: maji hupaa, chumvi hubaki, chakula huliwa, uchafu hubaki, na kisichotolewa kwa mkono wa mtu hakitoki.

Na hesabu hiyo ndiyo hesabu ya ziwa lenyewe. Mto Lukuga, mlango wake wa pekee wa kutokea, huchukua sehemu ndogo tu ya maji. Mengi zaidi hupaa kwa jua, na kilichomwagwa humo na Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia hukaa humo. Udongo unaoporomoka kutoka milima iliyofyekwa miti hushuka na mito ukafunika mawe ambamo samaki wadogo hula na kutagia, nasi twatazama bila wasiwasi, kwa kuwa ziwa ni kubwa na hesabu yake ni ya polepole.

Kwa hiyo natoa shauri kwa wenye amri. Kila atupaye taka ziwani, kila akataye miti ya mlimani bila kupanda mingine, na kila mkubwa aelekezaye mtaro wake majini, asitozwe faini wala asifungwe, bali atunukiwe hodhi moja la maji ya chumvi pamoja na samaki wake wawili, na atakiwe kuwaweka hai mwaka mzima kwa mshahara wake mwenyewe. Akifaulu, apewe kazi ya kulinda ziwa, kwani atakuwa ameisomea. Akishindwa, aongezwe hodhi la pili.