Yanayomchanganya Mgeni Pemba

Tuanze na kosa dogo, tushuke hadi lile tamu kuliko yote.

5. Kukosea kisiwa kizima. Pemba ziko mbili: kisiwa hiki cha karafuu, na mji wa Pemba kule Cabo Delgado, Msumbiji, ambao Wareno waliuita Porto Amélia. Kwenye tiketi, PMA ni Chake Chake, POL ni Msumbiji. Ndugu msafiri, soma herufi kabla hujafunga begi!

4. Kumkimbia popo. Popo wa Pemba, yule wa Kidike, akitandaza mabawa anafika mita moja na nusu, basi mgeni anajishika shingo akihofia kunyonywa damu. Bwana wee, huyu anataka embe! Hapatikani porini kokote duniani ila hapa, na mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuwa karibu kutoweka kwa kuwindwa na kukatiwa miti. Mwenye haki ya kuogopa ni popo.

3. Kusubiri damu kwenye mchezo wa ng'ombe. Aliyesikia ya Hispania huja tayari kufumba macho. Ayafumbue: ng'ombe hauawi, jioni anarudi kwa mwenyewe kula majani. Wa kuumia ni asiyejua kukimbia.

2. Saa. Dereva kaahidi kumfuata saa tatu asubuhi, kumpeleka msitu wa Ngezi. Mgeni, mtu wa kujali miadi, anatega kengele ya simu, na simu yake inapoandika tatu yuko nje na begi mgongoni, gizani, pamoja na mbu. Waendao sala ya alfajiri wanamkuta bado amesimama. "Vipi, mbona mapema?" Wanamhurumia, wanamwekea kiti barazani. Dereva anafika saa tatu kamili, amenyooka, anashangaa kuona abiria amelala. Dawa ni nyepesi: unapopewa saa, uliza jua litakuwa wapi.

1. Kuomba bili nyumbani kwa watu. Anapita kijiani, familia imekaa mkekani na muhogo na pweza wa nazi. "Karibu!" Anakaribia, anakula, anaongezwa, anasifu. Kisha anatoa pochi na kuuliza mkahawa unafungwa saa ngapi. Watoto wanaangua kicheko. Mama anamfungia kiganja pesa zikiwa ndani. "Weka, mwanangu. Kesho tunapika samaki."