Mwacheni Mzee Apae

Wenye husuda wamwache mzee wetu. Aliyesomesha watoto, akamaliza mkopo wa nyumba na kuoza binti, ana haki ya kulala kifudifudi juu ya tangi la petroli Jumapili asubuhi kuelekea Naivasha, huku wenzake wakiwa kanisani, wamekaa wima bila faida yoyote.

Na pikipiki yenyewe si ya kubebea mkungu wa ndizi. Ni Suzuki Hayabusa, cc 1,340, iliyodhibitiwa kiwandani isipite kilomita 299 kwa saa. Hiyo ndiyo busara. Hata kwenye barabara kuu, sheria ya Kenya haizidi 110, kwa hiyo zile 189 zinazobaki ni akiba ya uzeeni.

Afya nayo je? Daktari alimshauri atembee. Anatembea kila wiki, kutoka kwenye pikipiki hadi mezani pa nyama choma. Mgongo uliokataa kuinamia soksi sasa unainama kutoka Nairobi hadi Bonde la Ufa bila kunung'unika.

Mhuni wa barabara ni bodaboda wa cc 125 anayetafuta unga. Mzee hatafuti kitu, na ndiyo maana ana haraka. Anapopita alfajiri mtaa mzima huamka, jambo jema, maana usingizi mwingi huleta umaskini.

Mkewe naye, waliodhani ataleta vurugu wameaibika. Ametulia tuli. Juzi alikuwa akisoma karatasi za bima ya maisha, ukurasa kwa ukurasa, akitabasamu.