Ng'ombe Aligoma Ubaoni

Shangazi yangu ana mgahawa, na mgahawa una ubao wa chaki unaotaja vyakula vya siku. Mimi nina ugonjwa wa kupenda mashine za kale. Vitu hivi viwili vingekaa mbalimbali, sote tungekula kwa amani.

Mashine yenyewe ni yale mabango ya ratiba ya kampuni ya Solari, ya Udine, Italia. Mwaka 1956 moja lilifungwa katika stesheni ya Liège, Ubelgiji, kisha yakaenea kwenye stesheni na viwanja vya ndege. Kila nafasi ya herufi ina ngoma yenye vibao vyembamba, kila uso wa kibao umebeba nusu ya herufi. Ngoma ikizunguka, kibao cha juu kinaangukia chini, tak, herufi inayofuata inatokea. La stesheni ya Philadelphia, Marekani, liling'olewa mwanzoni mwa 2019, na abiria wakalililia. Nikaona shangazi apate lake, kwenye TV ya mgahawani.

Ndani ya kivinjari cha kompyuta iliyounganishwa na TV hiyo, kazi si ngumu. Herufi unaikata vipande viwili, CSS, lugha ya kupamba kurasa, inakipindua cha juu nyuzi 180, unaficha mgongo wake, unatia kivuli ili jicho likubali kudanganywa. Skrini ina uwezo wa kuandika PILAU papo hapo. Jasho lote linaishia kwenye kuifundisha uvivu. Tena vibao vya Waitaliano havirudi nyuma, kwa hiyo na vyangu havirudi. Pilau ikiisha ikaja biriani, P lazima ipite Q, R, S hadi Z, izunguke mpaka B. Dereva wa bodaboda mwenye njaa hana subira ya kuingoja Q, herufi ambayo Kiswahili chenyewe hakina kazi nayo.

“Mama, leo kuna nini?”

“Soma hapo juu.”

“Hapo juu bado hapajaamua.”

Kisha mlio. Vivinjari vya siku hizi havikubali ukurasa upige kelele mpaka mtu aubofye. Asubuhi nzima bango lilipinduka kimya, spika zikiwa zimefunguliwa mpaka mwisho. Mchana kijana wa kufuta meza akakifuta na kipanya, kikabofya. Milio yote ya asubuhi, iliyokuwa imepanga foleni, ikatoka kwa mkupuo, kama gunia la karanga limemwagwa kwenye sinia la bati. Mzee mmoja akajimwagia supu. Hakulipa, na shangazi hakumdai.

Lakini kilichonimaliza ni ng'ombe. Shangazi alitaka SUPU YA NG'OMBE, na orodha ya herufi niliyoikuta mtandaoni haikuwa na ritifaa. Kibao kikaanza kuitafuta: A mpaka Z, tarakimu, nafasi tupu, tena A. Hakikuchoka. Ubaoni zikapita NGAOMBE, NGFOMBE, NGIOMBE, na mteja mmoja, kwa heshima zote, akauliza ngiombe ni samaki wa wapi.

“Baba,” shangazi akaniambia, “chaki yangu haijawahi kumtafuta ng'ombe.”

TV sasa inaonyesha mpira, na mauzo yamepanda. Nawe ukitaka kumjengea shangazi yako bango la namna hii, tia ritifaa kwenye orodha kabla hujawasha chochote, na kipanya kifungie kabatini.