Sifa za Kaa Mwenye Nyumba ya Marehemu

Milima ya Usambara imekwisha kusifiwa hata haina tena haja ya msifu. Waliokimbia joto la Tanga wameisifu kwa baridi yake, wachuuzi wa Mombo wameisifu kwa peasi na plamu zinazowashukia kwa matenga, wataalamu wa miti wameisifu kwa misitu ya Magamba na Mazumbai, na bibi vizee wa Ulaya, ambao hawajapata kuikanyaga wala hawatazamii kuikanyaga, huisifu kila wanapolitilia maji dirishani lile ua dogo la zambarau ambalo Baron Walter von Saint Paul-Illaire, afisa wa Kijerumani, alilipeleka kwao katika mwaka 1892. Kwa hiyo mimi, mkazi wa Lushoto nisiye na ua la kuuza wala msitu wa kuonyesha wageni, naomba ruhusa ya kumsifu kiumbe dhalili ambaye hapa kwetu hayupo, hajapata kuwapo, na kwa sababu nitakazozieleza hawezi kuwapo: yule kaa wa nchi kavu atembeaye usiku katika fukwe za Tanga na Pangani akiwa amebeba kombe la konokono, mali ya marehemu, na kulifanya nyumba yake.

Mtu wa pwani humwona tangu utotoni na kwa sababu hiyo hamwoni. Humpita chini ya mivinje akikokota mzigo wake, humpiga teke akimkuta jikoni, na humkumbuka siku ile tu anapohitaji chambo. Akiulizwa habari zake hujibu kwamba ni mwizi wa nyumba za watu, mla uchafu, na mwoga wa kupindukia. Shtaka la uchafu silishughulikii. Kiumbe anayezunguka usiku kucha akimaliza maganda ya embe, nazi iliyovunda na samaki waliotupwa, bila mshahara wala fagio, anastahili barua ya shukrani kutoka halmashauri ya mji. Shtaka la uoga nalikubali, lakini naomba baraza litazame kwanza maumbile yake.

Maumbile yalimpa ukarimu wote mbele yakamsahau nyuma. Kichwa na kifua vina deraya, miguu ni migumu, na gando la kushoto ni kubwa kuliko la kulia, hata anapojikunyata ndani hilo ndilo linalokuwa mlango, likaziba uwazi barabara. Lakini kuanzia kiunoni hana kitu: tumbo ni laini, halina gamba, nalo limepinda kuelekea kulia kwa kufuata mzunguko wa nyumba ambayo si yeye aliyeijenga. Miguu miwili ya mwisho ya kila upande imedumaa, haimsaidii kutembea hata hatua moja, kazi yake ni kuishikilia nyumba kwa ndani, na ncha ya mkia ina kikulabu cha kung'ang'ania nguzo ya katikati. Humo kombeni huweka pia akiba ya maji, maana anapumua kwa mashavu yaliyopungua, nayo yakikauka amekufa. Mwenye mwili wa namna hii asipokuwa mwoga atakuwa mpumbavu, na wapumbavu wa jamaa yake waliliwa na ndege zamani, wasiache wajukuu.

Sasa wizi. Mwizi ni yule amwondoaye mwenyewe, na kaa huyu aghalabu hana haja ya kumwondoa mtu: konokono amekwisha kufa kwa ajali zake, nyama imekwisha kuliwa na wengine, na kombe limelala mchangani bila wosia. Mtazame anapolikuta. Halirukii. Hulizunguka kwanza na kuligusa kwa vipapasio. Hulibiringisha kwa miguu mpaka mlango uelekee juu. Kisha hutia gando ndani, mara ya kwanza, mara ya pili, akipima kina chake, na kama mna mchanga huuchokora akautoa nje chembe kwa chembe. Akiridhika huyakabilisha makombe mawili mlango kwa mlango, na kufumba na kufumbua lile tumbo jororo, ambalo jua halikupata kuliona, limetoka huku limeingia kule. Hapo hukaa kidogo, akanyanyuka, akatembea hatua chache na maskani mapya ili aone kama yanamkaa. Na mara nyingine, asiporidhika, hurudi kwenye lile kuukuu bila kumwonea mtu haya. Nimeona watu wakioa kwa uangalifu mdogo kuliko huu.

Wala faida haimwishii yeye. Mtaalamu wa elimu ya jamii wa Marekani, Ivan Chase, pamoja na wenziwe, walionyesha katika mwaka 1988 kwamba kanuni iliyogunduliwa katika uhamaji wa watu wa mjini, yaani nyumba moja ikiwa tupu hufaidisha kaya nyingi kwa kupokezana, inafanya kazi vile vile kwa kaa wa makombe. Ndugu zao wa nchi kavu katika visiwa vya Belize wameonekana wakipanga safu kwa kimo, mkubwa mbele na mdogo nyuma, wakingoja. Mkubwa anapohamia kombe jipya, wa pili huingia la kwanza, wa tatu la pili, mpaka wa mwisho kabisa anaacha kikombe kisicho na wa kukitaka. Dalali hayupo, na hakuna anayedaiwa kodi ya miezi 6 mkononi kabla hajauona mlango.

Sitaficha kwamba khulka yake ina upande ambao msifu mwenye busara angeuruka. Harufu ya kaa mwenzake aliyekufa haimfukuzi bali humwita, na wa kwanza kufika msibani hakuja kulia; amekuja kutazama kama marehemu ameacha nyumba inayomfaa. Naye Mark Laidre, aliyewachunguza kwa miaka mingi katika pwani ya Costa Rica, ameeleza kwamba kaa wa huko huzichonga nyumba kwa ndani, wakaziondoa kuta na nguzo hata zikawa nyepesi na zenye nafasi, na mkubwa aliyekwisha kuzoea nyumba ya namna hiyo haliangalii tena kombe jipya lisilochongwa. Kwa hiyo hurithiana, na kwa kuwa hurithiana hugombana, na mwenye nyumba nzuri asipoangalia hutolewa nje kwa nguvu na walio wengi. Kama kuna mtu katika wilaya yetu, ambako shamba la baba limekatwa ngazi kwa ngazi mpaka kila mtoto amepata mteremko wa kupanda mistari michache ya karoti, ambaye hajapata kusikia ugomvi wa namna hii, na amrushie kaa jiwe la kwanza.

Jamaa yake ni kubwa kuliko tunavyodhani. Wataalamu huhesabu aina zipatazo 17 duniani. Kwetu Afrika Mashariki wajulikanao sana ni yule mdogo wa mchangani na yule mkubwa zaidi apendaye mikoko na vichaka vilivyo mbali kidogo na maji. Afrika Magharibi wana wao, Karibi wana wao, na yule wa Bahari ya Shamu na Oman alielezwa katika kitabu cha Peter Forskål kilichochapwa mwaka 1775, baada ya mwandishi mwenyewe kufa kwa homa huko Yemen. Wa Karibi amepatikana na msiba wa kupendwa: huuzwa madukani Marekani awe mchezo wa watoto, katika kombe lililopakwa rangi. Na wa Bermuda, baada ya watu kula konokono wakubwa wa bahari wa kisiwa kile wakawamaliza, waliyafukua makombe ya kale yaliyogeuka mawe wakayavaa, wakawa wanatembea ufukweni na vitu vya makumbusho migongoni mwao.

Mmoja tu katika ukoo huo ametajirika, naye ni yule jitu la minazi liitwalo kwa Kilatini Birgus latro, ambalo watu wa Zanzibar wanaweza kulionyesha katika kisiwa cha Chumbe. Udogoni hubeba kombe la konokono kwa adabu kama wenziwe. Akipata kimo hulitupa, tumbo likawa gumu, akapanda miti na kupasua nazi, mpaka akafikia uzito wa kilo 4, na kuanzia hapo hataki tena kusikia habari ya kupanga. Simsifu. Kila ukoo unaye mmoja wa namna hiyo, na hana haja ya sifa zangu.

Msomaji wa Lushoto ataniuliza haya yote yanamhusu nini, naye ana haki. Nitamjibu kwanza kwa njia ya Mwitaliano. Katika miaka ya 1970 Marco Vannini alikuwa katika ufukwe wa Sar Uanle, kusini ya Kismayu, akiwafuatia kaa hawa wanapovuka tuta la mchanga kwenda baharini na kurudi vichakani, safari ambayo huifanya kwa nyakati zake na kwa nidhamu. Bwana huyo huyo, pamoja na mtaalamu mwenziwe Neil Cumberlidge, ndiye aliyetangaza katika mwaka 2004 kaa mwingine ambaye makao yake ni Usambara na vilima vya Shimba huko Kenya, naye haishi baharini, wala mtoni, bali katika matundu ya miti yaliyojaa maji ya mvua. Walimpa jina la Raybould, mtafiti ambaye katika mwaka 1969 alichapisha habari za usubi wa Usambara ya Mashariki na kaa wa mitoni wanaowabeba wana wa usubi huo magambani mwao, usubi ambao ukishakua huweza kueneza maradhi ya upofu. Basi sisi watu wa milima hatukukosa kaa. Tunao wabeba mizigo mitoni na wapangaji mitini. Lakini wote hao wamefunikwa gamba mwili mzima, na ukiwapa kombe la konokono hawatajua la kulifanyia.

Na makombe ndiyo tuliyo nayo. Mkulima wa kabichi anayefahamu bustani yake hahitaji kuelezwa habari za konokono: huingia usiku, hutoboa majani, na mvua za masika zinapokoma huacha mifupa yake, yaani nyumba zake, kandokando ya mifereji na chini ya migomba. Yule konokono mkubwa wa Afrika Mashariki ni mjenzi asiye na mfano, hata alipochukuliwa na watu kwenda Mauritius, na kutoka huko akaachiwa Kalkuta katika mwaka 1847, kisha akatapakaa katika visiwa vya Bahari ya Hindi na Pasifiki akila kila mboga aliyoikuta na kulaaniwa kwa lugha nyingi, kaa wa fukwe za huko walikuwa ndio watu pekee waliomshukuru, maana alipokufa waliingia nyumbani mwake, na hawakupata kuona vyumba vikubwa namna ile. Hapa kwetu nyumba zake hazina mpangaji. Udongo wa milimani una uchachu, mvua ni nyingi, na kombe lililoachwa hupauka, likachujuka, likavunjika mkononi kabla ya miaka mingi kupita. Huko pwani kaa anajibana katika kombe lililokwisha kuwa dogo kwake, na huku mlimani majumba yanaoza.

Kwa nini basi asipande? Lushoto ni mwinuko wa mita 1,400 hivi, na kaa huyu ana deni asiloweza kulilipa ila baharini. Jike hubeba mayai tumboni, ndani ya kombe, na yakiwiva sharti ashuke mpaka ukingo wa maji ayamwage. Watoto huelea wiki kadhaa wakibadilika umbo mara baada ya mara, ndipo hutafuta kikombe kidogo kuliko punje ya mtama na kupanda nchi kavu, wasirudi tena kuishi majini. Mkimbizi wa milimani angeweza kuishi miaka yake, pengine kwa afya, lakini angekufa bila kizazi.

Badala ya makombe sisi tunampelekea kitu kingine. Maji ya mto Soni huingia mto Mkomazi, na Mkomazi huingia mto Pangani, na chupa ya plastiki iliyotupwa mtoni na abiria wa basi, ikinusurika katika mabwawa ya umeme ya Hale, inaweza kufika mwisho wa safari penye mchanga. Mifuko ilikatazwa nchini tangu Juni 2019, chupa bado. Kaa akiiona humwingia shauku ya maisha yake yote, huingia, na kuta ni telezi, hatoki. Akifa, harufu yake huwaita wenziwe waje kurithi, nao huingia mmoja baada ya mwingine. Katika visiwa vya mbali vya Cocos na Henderson watafiti walikadiria kwamba kaa wapatao 570,000 wamenaswa katika takataka kwa njia hiyo.

Rai yangu, ambayo naiweka mbele ya wazee wa mji na matajiri wa mabasi, ni nyepesi. Ye yote ashukaye Tanga kwa harusi au kwa kesi na achukue katika tenga lake, chini ya peasi, makombe machache ya konokono: makubwa kwa wazee wa safu na madogo kwa wale wa nyuma. Asiyapake rangi. Asiyatie dawa ya kunukia. Na kabla ya kuyafunga ayatikise moja moja karibu na sikio, maana mwenye nyumba akiwa bado yumo atakula peasi zote kabla gari halijafika Muheza.