Miraa Sumu, Deni Asali

Tarehe 24 Juni 2014 Uingereza ilipiga marufuku miraa. Wakulima wa miraa wa Igembe, kule Meru, wakaambiwa kuwa majani yao yanadhuru. Mwezi uo huo serikali yetu ya Kenya iliuza hatifungani yake ya kwanza ya kimataifa, dola bilioni 2, na wawekezaji wa ng'ambo, wa London wakiwamo, wakaigombania. Kumbe kutafuna si kosa, kosa ni nani anatafuna na nani anatafunwa. Mkulima wa miraa wa mji wa Maua akabaki na vibunda vyake mkononi, na bila kuulizwa akawa mdhamini wa mkopo asioujua.

Siku ya kulipa ikakaribia. Februari 2024 tukakopa dola bilioni 1.5, kwa riba ya asilimia 9.75, ili tupunguze deni lile la kwanza. Mwezi huo Benki Kuu nayo ikapandisha riba yake hadi asilimia 13. Mkulima wa kahawa kule Embu aliyekopa anunue ng'ombe akakuta mkopo umenenepa kuliko ng'ombe mwenyewe.

Jamani, tuna magavana wa aina mbili. Wa kaunti tunampigia kura, na Meru wanajua jinsi ya kumtikisa. Wa Benki Kuu hatumpigii kura, naye ndiye anayeongoza kamati inayopanga bei ya pesa tunayokopa.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Wakubwa wetu wameiboresha dawa: dawa ya deni ni deni jingine, na mgonjwa ndiye anayelipia kliniki.