Gari Limekataa Mlima: Mwongozo kwa Dereva wa Ngara na Biharamulo

Kwanza, teremsha abiria. Mchomoko, yaani gari dogo la abiria kama Probox, ukishindwa kupanda kutoka daraja la Rusumo kuelekea Benaco, wote waliomo hugeuka mafundi. Wa siti ya mbele atasema ni pampu ya mafuta. Aliyepakatwa atasema ni gia boksi. Mama mwenye kuku ataapa kwamba gari la shemeji yake lilianza hivihivi, likaishia kubadilishiwa injini nzima. Waombe watembee hadi juu, nawe upande na gari tupu. Probox ni gari la watu watano. Ukipakia tisa, mikungu ya ndizi na gunia la mkaa, usihangaike kufungua boneti: hitilafu imeshika usukani. Likipanda vizuri likiwa tupu, wewe mwongozo wako umeishia hapa.

Aliyebaki na tatizo aanze kwa kuelewa mahali alipo. Mto Kagera pale Rusumo uko mita kama 1,300 juu ya usawa wa bahari, na miinuko ya Ngara inakaribia 1,800. Injini isiyo na turbo hupoteza takribani asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za kupanda, kwa kuwa hewa huko juu ni nyepesi na silinda haishibi. Gari lililonunuliwa Dar es Salaam likiwa na nguvu zote litafika Ngara mjini likiwa limepungukiwa karibu sehemu moja kati ya sita, na hakuna plagi duniani itakayozirudisha. Watu wanatoa ada za watoto kununua vifaa vya kutibu mwinuko, na inaniuma kila ninapoliona hilo. Unachotafuta ni upungufu uliozidi huo: mlima uleule ulioupanda mwezi jana kwa gia ya tatu, leo gari linadai ya kwanza.

Sasa tazama mshale wa mizunguko ya injini. Ukikanyaga mafuta na mshale ukapanda huku gari likibaki palepale, injini haina kosa. Klachi inateleza au gia boksi imechoka. Mshale ukikataa kupanda, kabla ya kuilaumu injini shika rimu baada ya safari fupi, kwa uangalifu. Rimu moja ikiwa ya moto kuliko nyingine, breki yake imeshika na umekuwa ukiivuta siku nzima. Wapo waliouza mbuzi kununua koili, kumbe breki ya mkono haiachii.

Kisha chujio la hewa. Barabara za udongo mwekundu hulijaza vumbi haraka kuliko kitabu cha gari kilichoandikwa Japani kinavyodhani. Litoe, litazame kwenye mwanga. Usilioshe kwa petroli. Usilitoboe ili hewa ipite, maana na vumbi litapita, nalo litasaga ringi za pistoni. Angalia pia hozi ya hewa baada ya chujio. Ufa mdogo unatosha kuidanganya sensa inayopima hewa.

Mafuta ndiyo yenye hadithi ndefu. Petroli ya kwenye chupa za maji kando ya barabara imeokoa wengi, siwezi kuwalaumu wanaoinunua usiku mbali na kituo. Lakini chupa hiyo haina anayeipima. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 kupambana na uchakachuaji, na mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuchanganya kusilipe. Petroli yenye mafuta ya taa hufanya injini igonge mlimani na kuacha masizi kwenye plagi. Kama gari lilianza kulegea muda mfupi baada ya kujaza, tatizo liko ndani ya tangi. Vifaa uviache dukani. Kama lililegea polepole, pima mgandamizo wa mafuta kwa geji. Injini ya 1NZ-FE, iliyo kwenye Probox nyingi, hutaka takribani kilopaskali 304 hadi 343. Ukisoma chini ya hapo, ndipo abiria wa siti ya mbele apewe haki yake.

Gari likitetemeka wakati wa kupanda, silinda moja haichomi. Hamisha koili ya silinda hiyo uiweke kwenye nyingine. Tatizo likihama nayo, umempata mkosaji bila kutoa shilingi.

Mashine ya kusomea hitilafu nayo isikutishe. Alama P0171 inasema mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta. Haikusema nunua sensa. Sababu inaweza kuwa hozi yenye ufa, chujio la mafuta lililoziba au pampu dhaifu.

Kama gari linawaka vizuri lakini linazidi kuishiwa kadiri unavyokanyaga, shuku masega ya ekzosti, yaani kisafisha moshi (catalytic converter). Injini ikiwa imepoa, toa sensa ya oksijeni iliyo mbele ya masega, uendeshe kidogo. Kelele zitakuwa nyingi. Nguvu zikirudi, ekzosti imeziba. Usikimbilie kuyapasua masega na kuyatupa. Mara nyingi huziba kwa sababu silinda isiyochoma imeyamwagia petroli mbichi, na hewa watakayovuta watoto wa Nyakahura kando ya barabara itakuwa chafu zaidi bila hayo.

Kompresheni iwe ya mwisho. Fundi atachukua kipimo cha kitabu, kilichoandikwa kwa injini iliyo usawa wa bahari, atasoma pungufu na kutangaza msiba. Mwinuko peke yake hushusha kipimo. Linganisha silinda kwa silinda: zote zikikaribiana, injini yako ni nzima. Moja ikiwa chini sana, hapo una kazi kweli.

Usiahirishe haya yote. Kati ya Lusahunga na Rusumo unapishana na malori yanayokwenda Kigali na Bujumbura, na gari lisilo na nguvu likijaribu kuipita semi-trela kwenye mlima hubaki upande usio wake kwa muda mrefu mno. Watu wanakufa hivyo.

Basi, ndugu dereva, fundi akikwambia ubadilishe kifaa, muulize kwa heshima amepima nini na amesoma ngapi. Aandike kipimo hicho kwenye karatasi. Asiyekuwa na kipimo usimpe pesa.